Boti ya Ng'ambo

Nyumba ya Wageni, Sielma
28 Juni 1983

Mama Mkubwa Ravdna,

Shikamoo. Hiyo nyonga inaendeleaje? Mimi mzima, Heaika mwanao mzima, na mbwa Muste naye mzima ila amezidi unene, maana kila mgeni anamtupia mkate chini ya meza. Mama anakusalimu kutoka Karesuando. Anasema ukitoka hospitali usijifanye msichana ukaanza kukimbilia ngazi. Nakuandikia kwa sababu simu ya upepo unaijua mwenyewe: ukikohoa tu, bonde zima linakupa pole.

Barafu iliondoka ziwani tarehe kumi na tisa. Boti zote tatu tumezipaka lami, hakuna inayovuja. Wageni wako kumi na wawili, wote wa kusini, wamekuja kutafuta hatari kwa likizo ya wiki mbili. Jana mmoja, aliposikia tunafuga kulungu, kamuuliza Heaika mezani, mbele za watu, "Kwani wewe una kulungu wangapi?" Heaika akajikausha, akamjibu, "Na wewe benki una ngapi?" Mke wa yule bwana alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Kesho kutwa Heaika anawavusha ziwa kwenda kupanda barafu ya mlimani. Wakirudi watakuwa na malengelenge, na kila mtu atajiona shujaa.

Bwana Torkel ameleta kadi. Atafika tarehe 14 Julai, kwa miguu, kutokea ng'ambo kama miaka yote. Anauliza kama utakuwepo. Nimwambie nini?

Lile jambo la kuiandikisha nyumba vuli hii sijalisahau. Heaika anasema yeye hataki nyumba ya wageni, anataka kulungu wake na amani yake, kwa hiyo ukiniandikisha mimi hana kinyongo. Mama Mkubwa, tangu nina miaka tisa nafua mashuka ya nyumba hii. Sitaki kitu kingine chochote.

Halafu nina ndama watatu wa kulungu mwaka huu. Wenzetu watawatia ndama alama za masikio bonde la ng'ambo, katikati ya Julai. Nikienda siku moja tu, kuna ubaya?

Mwanao,
Sunná

*

Hospitalini, Umeå
4 Julai 1983

Sunná,

Marahaba. Nyonga ni ya chuma sasa, kwa hiyo mama yako na ushauri wake wakae kando. Chakula cha huku ni viazi vilivyokufa mara mbili. Muuguzi mmoja kaniuliza kama sisi bado tunaishi kwenye mahema. Nikamwambia ndiyo, na wewe ukija tutakulaza mlangoni. Akaniongezea mto.

Nimefurahi kusikia habari za boti, lakini nitasema tena, na ukichoka kusikia shauri yako. Boti ni tatu. Haijalishi upepo, haijalishi mgeni anayelia miguu, kila upande wa ziwa ubaki na boti moja, daima. Ukikuta upande wako iko moja peke yake, unavuka nayo, unafunga ya pili nyuma, unaikokota kurudi, unaiacha, ndipo unavuka tena. Mara tatu. Baba yangu alivuka mara tatu akiwa na homa ya mapafu. Anayekuja kutoka milimani hana njia nyingine ila mto, na mto ule unaujua.

Kuhusu ndama, hapana. Heaika atawatia alama yako, mkono wake haukosei. Mwenye nyumba ya wageni haondoki nyumbani Julai, na kama unataka jina lako liwe kwenye karatasi anza kujizoeza. Usininunie.

Bwana Torkel mpe chumba cha dirisha la ziwani. Mbanikie samaki, si kumkaanga, hapendi mafuta mengi. Mwambie nipo mwakani. Mwambie nimesema hivyo hivyo, *nipo mwakani*, ataelewa.

Mama Mkubwa wako,
Ravdna

*

Sielma
19 Julai 1983

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Natumaini unalala vizuri. Sisi hatujambo. Hali ya hewa imekuwa mbaya, upepo na ukungu, wageni wengine wameondoka mapema. Muste hali chakula.

Sijui niandike vipi. Bwana Torkel amefariki. Alizama mtoni, pale mto unapoingia ziwani, jioni ya tarehe 14. Watu wetu waliokuwa kwenye ndama ndio waliomwona, Jumamosi, chini kidogo ya mahali mto unapovukwa kwa miguu. Polisi wawili walikuja na helikopta wakamchukua. Mkoba wake aliuacha ng'ambo, kwenye nguzo ya bendera ya kuitia boti, umefungwa vizuri.

Mimi nilikuwa jikoni siku hiyo. Hatukuona kitu kwa sababu ya ukungu.

Pole sana, Mama Mkubwa. Pole sana.

Sunná

*

Umeå
23 Julai 1983

Sunná,

Barua yako nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza muuguzi alinishika mkono nikamfukuza. Nimelia, nakwambia wazi, kwa kuwa huku hakuna anayenijua.

Torkel alikuwa mgawa barua miaka thelathini. Mtu wa namna hiyo haingii mtoni kwa pupa. Amekuja kwetu majira ya joto kumi na tisa, na kila mara amekuta boti. Sasa niambie, kwa nini mtu mwenye boti aende kuvuka mto kwa miguu?

Umeniandikia ukungu, umeniandikia mbwa. Boti hukuziandika. Zilikuwa wapi?

Nijibu kwa helikopta ya kwanza ya posta.

Ravdna

*

Sielma
2 Agosti 1983

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Helikopta mbili zimepita bila barua yangu kwa sababu wageni walikuwa wengi na sabuni iliisha. Mama anasema amekutumia soksi. Matunda ya manjano ya kinamasini yameanza kuiva, mwaka huu ni mengi.

Uliuliza boti. Asubuhi ya tarehe 15 zote tatu zilikuwa upande wetu.

Polisi walimuuliza Heaika, kwa kuwa ndiye mwongozaji na boti ni kazi yake. Aliwaambia kwamba mchana wa siku ile alirudi na wageni kutoka barafuni kwa boti mbili, na labda alisahau kurudisha moja ng'ambo. Ndivyo alivyosema. Waliandika. Chama cha waongozaji kimemsimamisha, hatapeleka tena wageni. Amehamia kwenye kibanda cha kuvulia samaki, haongei sana.

Wamesema Bwana Torkel alisubiri muda mrefu. Alipandisha bendera. Walikuta majivu ya moto wake, na masimbi ya kahawa yamemwagwa mahali pawili.

Kula vizuri.

Sunná

*

Kiruna, nyumbani
9 Agosti 1983

Mwanangu Sunná,

Nimerudi kwangu, ghorofa ya pili, ngazi ishirini na nane, na mama yako ajue nimezipanda zote. Soksi zimefika. Zinawasha.

Labda alisahau! Mtoto niliyemzaa mimi, niliyemfunga kiunoni kwa kamba akiwa na miaka minne nikamvusha mara tatu ili mwili wake ukariri! Mtu husahau chumvi. Masimbi mahali pawili, Sunná. Unajua maana yake? Alikunywa kahawa, akasubiri, akapika tena, akasubiri. Hakuwa na haraka kwa sababu alituamini. Alijua kwa Ravdna boti haikosekani.

Nimemwandikia Heaika asikanyage hapa. Nimemwambia kwenye mkutano wa jamii, mwezi wa kumi, nitasimama mimi mwenyewe niwaambie watu kosa ni la nyumba yangu na ni la mwanangu, wasilisikie kwa wengine. Nimebaki na wewe. Kumbe ndiwe uliyenisikia miaka yote. Mwanasheria anaandaa karatasi, sitangoja vuli, nyumba nakuandikisha sasa hivi.

Kuhusu Torkel kuna jambo moja ambalo sikumwambia mtu, na sitalimaliza hapa. Mwaka ule alipofiwa na mkewe aliniuliza kitu pale gatini. Nikamwambia mwakani. Mwaka uliofuata akauliza tena. Yatosha.

Mama Mkubwa

*

Kiruna
30 Agosti 1983

Sunná,

Wiki tatu kimya. Karatasi ziko hapa mezani, zinataka sahihi yako tu. Unaumwa? Au wageni wamekumeza?

Heaika alikuja Jumapili. Nilimjua kwa hatua zake kwenye ngazi. Alisimama mlangoni, hakugonga mara ya pili. Alisema, "Mama, nimekuletea nyama kavu," akaiacha chini akaondoka. Mwanaume mzima, hata kujitetea hajitetei. Sikufungua. Nyama nimempa jirani.

Nijibu, nina wasiwasi na wewe.

Ravdna

*

Sielma
6 Septemba 1983

Mama Mkubwa,

Shikamoo, ingawa baada ya barua hii sijui kama utataka kuniitikia. Karatasi usinitumie. Zirudishe kwa mwanasheria, au zichome.

Sikuwa jikoni.

Ulinikataza nisiende kwenye ndama, nami nilikwenda. Niliondoka tarehe 13, nikamwachia mpishi nyumba, nikavuka, nikiacha boti moja gatini. Nilitaka kuwatia alama kwa kisu changu mwenyewe, ndama wangu watatu, mbele ya watu, wajue mimi ni nani mwaka huu. Niliwatia. Walinisifu. Nililala hemani kwa watu nikiwa na furaha kubwa. Kesho yake saa kumi alasiri nilishuka ziwani kurudi.

Sikiliza sasa. Ng'ambo kulikuwa na boti moja. Heaika alikuwa amepita mchana na wageni wake, na hakusahau, Mama Mkubwa. Alivuka na boti mbili kwa kuwa wageni walikuwa wengi, halafu akaikokota moja kurudi, akaiacha, akavuka tena. Najua kwa sababu mbao zake zilikuwa bado na maji, na kwenye benchi aliisahau glavu yake ya kushoto, ile uliyomfuma yenye mstari mwekundu. Alirudi ng'ambo peke yake, wageni wake wamechoka, wameingia sauna kuoga mvuke wala hawakumwona, ili mimi nikute boti.

Nikaichukua hiyo hiyo. Nilipofika gati letu, boti zilikuwa tatu. Nilisimama nikaziangalia. Nilijua. Sitakudanganya kwamba sikukumbuka, nilikusikia kabisa masikioni ukisema mara tatu. Upepo ulikuwa umeanza kutoka magharibi, mikono yangu ilikuwa na malengelenge ya kamba, na mpishi alikuwa anapunga kitambaa mlangoni kwamba kuna wageni wapya. Nikasema, kesho asubuhi nitairudisha. Hivyo tu. Sikuwa na homa ya mapafu. Nilikuwa nimechoka na nilitaka kuvua viatu.

Tarehe ya Bwana Torkel niliijua. Kitanda chake nilikuwa nimekitandika. Lakini mwaka jana alifika asubuhi ya tarehe 15, kwa hiyo nikajiambia bado.

Jioni Muste alibweka akielekea ziwani, akabweka tu, hanyamazi. Wageni wakalalamika. Nikamfungia stoo. Hilo ndilo siwezi kulivumilia. Boti niliiacha kwa uvivu, lakini mbwa aliniambia, nami nikamfungia.

Asubuhi Heaika aliziona boti tatu gatini. Aliniangalia. Mimi nikaingia jikoni. Polisi walipokuja aliwaambia yale uliyoyasikia, nami nilikuwa nimesimama nyuma yake na birika mkononi, nikawamiminia kahawa. Baadaye nilimfuata kibandani nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Wewe unaitaka hii nyumba, mimi siitaki." Nilikubali. Nilikuandikia ile barua ya Agosti nikachagua maneno, *ndivyo alivyosema*, ili nisiwe nimesema uongo. Kisha ukanijibu kwamba ndimi niliyekusikia miaka yote. Barua ile nimeiweka chini ya godoro na silali juu yake, nalala kwenye benchi.

Ulipoandika kwamba hukumfungulia mlango, sikuweza tena.

Jumamosi nilipanda helikopta hadi Kiruna. Nimekwenda polisi, nimeandika maelezo upya, nimetia sahihi kila ukurasa. Wamesema itakuwaje watanijulisha. Binti yake Bwana Torkel nimemwandikia pia. Halafu nilikuja mtaani kwako. Nilisimama chini ya dirisha lako kama nusu saa, nikakuona unapita na magongo jikoni. Ningepanda ungeniambia "karibu, mwanangu", kwa kuwa ulikuwa hujui. Sikutaka kuila hiyo karibu ya wizi. Nikarudi.

Wageni wa mwisho wanaondoka tarehe ishirini. Nitafunga nyumba, nitafunika boti, ufunguo nitaupeleka kwa Heaika. Glavu yake ninayo bado. Nimeshindwa kumrudishia.

Sunná

*

Kiruna
4 Oktoba 1983

Sunná,

Barua yako niliisoma nikaitia kwenye droo ya visu, na kwa wiki tatu nimekula kwa kijiko. Ningejibu siku ile ile ningekuandikia maneno ambayo hata maiti yangu isingeweza kuyaombea msamaha. Mengine nimebaki nayo. Nitakwambia uso kwa uso, ujiandae.

Kwanza Heaika. Nilimwendea mwenyewe kwa basi, kisha kwa magongo kwenye matope, hadi kwenye hema lake la malishoni. Alikuwa anachuna ngozi ya mguu wa kulungu. Nikamwambia, "Inuka nikuombe radhi." Akasema, "Kaa kwanza, Mama, utaanguka." Nikamuuliza kwa nini aliacha nimtukane mwezi mzima bure. Akaendelea na kisu chake, akanijibu, "Nilikuwa namngoja aseme mwenyewe. Ningesema mimi, angekuwa amesemwa tu." Nikamwambia, "Na kama asingesema?" Akasema, "Angesema. Ndiye aliyemlea Muste, mbwa asiyejua kunyamaza." Sijui huyu mtoto akili hizo kazitoa wapi, baba yake hakuwa nazo.

Nyama kavu nimeomba nyingine.

Mkutano umefanyika. Nilisimama kama nilivyoahidi, nikasema kosa ni la nyumba yangu, na aliyelifanya amekwenda polisi kwa miguu yake. Jina lako nililitaja. Mzee mmoja akauliza kama kuna kahawa, ndivyo tunavyofanya. Sasa kila mtu anajua, na hakuna atakayekuuliza, na hilo litakuuma kuliko kuulizwa.

Binti ya Torkel ameniandikia. Kwenye mkoba wake kulikuwa na vikombe viwili vipya, amevifunga kwa soksi zake. Hakujua vilikuwa vya nani. Mimi najua. Kesho asubuhi nitairudisha, ulisema. Nimekulaani kwa neno hilo siku nyingi, mpaka siku moja nikiwa nafua nikakumbuka langu. Mwakani, mwakani, mwakani. Nilikuagiza hata wewe umwambie. Mtu kaja kwa miguu miaka yote ile kufuata jibu la neno moja, nami nimekaa gatini nahesabu boti. Hilo halipunguzi lako hata chembe. Nakwambia ili ujue unayemwandikia.

Sijakusamehe. Nisikudanganye na wewe usijidanganye. Karatasi nimezirudisha. Nyumba haina mrithi kwa sasa, na huenda isiwe yako kamwe.

Lakini barafu itaondoka mwezi wa sita, na mtu atakuja kutoka milimani bila kujua lolote kati ya haya, akitaka boti. Uje. Heaika atakuja. Nitakaa gatini na gongo langu, na siku ya kwanza, upepo uwe wowote, utavuka mara tatu mbele ya macho yangu. Kesho yake tena. Nitakwambia siku ya kuacha, kama ipo.

Mama yako anasema hutoki nyumbani na huli. Kula. Makasia hayavutwi na mifupa.

Na hiyo glavu usiitie kwenye posta. Umpe mwenyewe, mkononi.

Ravdna